Hatuhesabu Vichwa

Swali lilitoka halmashauri, hapa Carlisle,
mistari miwili, muhuri, tarehe ya mwisho:
miti ikipandwa kule vilimani, magogo yakilazwa vijitoni,
mto utashuka kimo huku mjini?
Jibu ndiyo au hapana.

Tamsin akachemsha chai. Mimi nikafungua orodha ya tafiti:
elfu nne, mia tatu na kumi na saba.

Kwetu neno ni moja kwa mchicha na kwa hoja:
kuchambua.
Jani bovu huku, jani zima kule,
osha, kisha osha tena,
maana punje moja ya mchanga
huharibu sufuria zima.

Kanuni tuliziandika kabla ya kusoma hata ukurasa,
tukazifunga kwa tarehe,
moyo usije ukapata pa kupenyeza mkono.
Yeye anasoma peke yake, mimi peke yangu.
Hatuulizani mpaka jioni.
Tukigombana anaamua Ishbel, asiyependa ugomvi,
na kwa sababu hiyo husoma kwa makini kutushinda.

Huu umepima siku tatu, tena za kiangazi. Toa.
Huu hauna mto wa kulinganishia. Toa.
Huu umelipiwa na wauza miche. Usitoe,
andika pembeni nani alilipa.
Huu ni uleule wa jana, umevaa koti jingine.

Mwezi wa tisa zilibaki ishirini na tatu.

Bwana Lowther wa kamati akapiga simu.
Kumi na saba zinasema ndiyo, alisema,
sita zinasema hapana, sasa mnangoja nini?
Yaani, kwa lugha yangu: wengi wape.
Methali hiyo naipenda. Nimeila harusini, nimeilipia kwenye vikao.
Lakini hapa, Bwana Lowther, hatuhesabu vichwa,
tunapima uzito.
Kumi kati ya hizo ni vijito vya kuvuka bila kukunja suruali,
mvua ya kulowesha kola tu.
Mmoja pekee uliukabili mto mkubwa siku ya hasira yake,
na huo mmoja
unanong'ona.

Na zile zisizochapishwa?
Mtu alipanda, akapima, hakuona tofauti,
akafunga droo.
Lisemwalo lipo, walisema wahenga.
Mimi nalipwa kutafuta lisilosemwa.
Niliandika barua hamsini, nikiomba watu wafungue droo zao.
Zilijibiwa nne.
Ya mwisho ilikuwa na picha ya daftari lililolowa,
tarakimu zote zimekuwa mawingu.

Jumamosi nilikwenda kwa Bi Maureen Armistead,
nyumba ya tatu kutoka darajani.
Soketi zake amezipandisha hadi kifuani.
Ukutani jikoni, juu ya birika, kuna mstari wa penseli,
kama ule wa kupima urefu wa mtoto,
ila huyu mtoto alikua kwa usiku mmoja.
Akanipa biskuti. Akauliza,
"Basi, ninunue zulia?"

Mkobani nilikuwa na jibu la kurasa mia na arobaini,
lenye mkia mrefu pande zote mbili.
Nikamwambia: kwa mvua ndogo, yaelekea miti inasaidia, kidogo.
Kwa ile iliyofika pale kwenye penseli,
hatujui.
Neno hilo limetugharimu miezi kumi na minne
na miwani mipya ya Tamsin.
Akavitazama vigae, baridi, vyeupe, rahisi kudeki.
"Basi vigae vibaki," akasema, akanimiminia chai nyingine.

Jumatatu muhtasari ulirudi kutoka kamati,
umenyolewa vizuri:
Miti inapunguza mafuriko.
Tamsin akachukua kalamu, akarudisha neno moja mbele.
Wakalifuta.
Akalirudisha.
Wakalifuta, wakaomba radhi, wakasema nafasi ni finyu.
Akalirudisha.

Nakala ya leo ninayo mezani.
Bado linaanza nalo, dogo, limekaza mguu mlangoni:
huenda.